Hofu Ina Mpango Wake

Sinema za kutisha zimekuwa nyingi katika mji wetu wa Bunia. Watu huzitazama katika vyumba vya video, katika televisheni za nyumbani, na siku hizi hata katika simu za mkononi. Wazazi wengine wanalalamika ya kuwa watoto hawalali vizuri. Wanafunzi nao wanajibu ya kuwa sinema hizo huamsha akili. Sisi hatutaki kumpa yeyote ushindi kabla ya kulichunguza jambo lenyewe. Fundi hahukumu nyumba kwa rangi ya ukuta, bali huangalia msingi na nguzo. Basi na sisi tuulize kwanza: sinema ya namna hiyo hujengwaje?

Yafaa tujue kwamba ziko za namna mbili. Ya kwanza hutegemea damu, mapanga na kelele; ukiziondoa kelele, hakibaki kitu. Ya pili ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo. Hofu yake haikai gizani wala porini, bali hukaa moyoni mwa mtu. Mtu huyo hajui amwamini nani, na mara nyingine hajui kama aweza kujiamini mwenyewe. Sinema ya namna hii haiwezi kutengenezwa ovyo ovyo. Huhitaji mpango, na siri ya mpango huo ni moja: nani anajua nini, na amekijua lini.

Bingwa wa kazi hii alikuwa Mwingereza Alfred Hitchcock, aliyezaliwa London mwaka 1899 na kusomeshwa na mapadre Wayesuiti. Mwaka 1962 alimweleza Mfaransa François Truffaut, mtengenezaji mwenziwe wa filamu, kanuni yake kuu. Twaieleza hapa kwa maneno yetu. Watu wamekaa mezani wakizungumza mambo ya kawaida, na chini ya meza kuna bomu. Ikiwa watazamaji hawana habari, bomu litakapolipuka watashtuka kwa sekunde 15, kisha basi. Lakini ikiwa wamekwisha kuonyeshwa bomu, watakaa na wasiwasi kwa dakika 15 nzima, wakitamani kuwaonya wale watu waondoke. Mazungumzo ni yale yale na bomu ni lile lile. Kilichobadilika ni ujuzi wa mtazamaji tu.

Tuulete mfano huo nyumbani. Wavuvi wawili wanaondoka Kasenyi alfajiri na kuingia Ziwa Albert. Wanaimba, wanataniana, wanahesabu fedha watakazopata. Sisi tumeonyeshwa ufa ulio chini ya nyavu, ambao wao hawajauona. Tangu hapo kila utani wao unatuchoma. Wala hakuna aliyepigwa, wala tone la damu halikumwagika.

Hitchcock huyo alitoa mwaka 1953 filamu iitwayo I Confess, iliyopigwa picha katika mji wa Quebec, nchi ya Kanada. Mtu mmoja anayefanya kazi katika nyumba ya mapadre anaua, kisha anakwenda kuungama kwa padre. Baadaye polisi wanamshuku padre yule yule, naye hawezi kufungua kinywa, kwa kuwa siri ya kitubio haivunjwi. Tangu mwanzo twamjua mwuaji, kwa hiyo hatuna haja ya kuuliza, "Nani aliua?" Twauliza lililo zito zaidi: "Je, padre huyu atavumilia?" Msomaji Mkatoliki huona mara moja jinsi fundo hilo lilivyofungwa, maana anaijua sheria inayomfunga padre.

Basi hadithi ya namna hii ina kazi tatu. Kwanza hufunga fundo: mtu anawekwa mahali ambapo kila njia ina hasara yake. Pili hulikaza: kila jaribu linamwondolea mtu huyo kinga moja, wala jaribu la pili lisiwe marudio ya lile la kwanza. Tatu hulifungua, na ufunguo sharti utoke katika mambo tuliyokwisha kuonyeshwa. Mtunzi anayeleta mwishoni mtu mgeni aliyekuwa akifanya yote kwa siri, huyo ametuibia saa yetu.

Lakini hatuna haja ya kwenda Kanada kila mara. Iko filamu inayohusu nchi yetu wenyewe, The Mercy of the Jungle, yaani Huruma ya Msitu, ya Mnyarwanda Joël Karekezi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018, na mwaka 2019 ilipata Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, tuzo kuu ya tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou. Ilipigwa picha Uganda, lakini habari yake ni ya misitu ya mashariki mwa Kongo katika mwaka 1998, vita vya pili vilipoanza. Sajini Xavier ni askari wa Rwanda mwenye sifa nyingi za vita; Faustin ni kijana aliyeingia jeshini juzi tu. Wanapotezana na kikosi chao, nao wanabaki wawili tu msituni, kati ya majeshi yanayopigana.

Tazameni sasa jinsi fundo linavyokazwa. Kwanza wanakosa wenzao. Kisha wanakosa chakula na maji. Kisha afya inawaacha. Tena kila mtu wanayeweza kukutana naye aweza kuwa adui, na wao wenyewe ni maadui wa wenye nchi. Jeshi lililowapa nguvu halipo, njia hawaijui, sifa za Sajini hazimlishi mtu. Kila hatua inawavua vazi moja, mpaka anabaki mtu na dhamiri yake na mambo aliyoyatenda. Hapo ndipo tunapotambua ya kuwa msitu ulikuwa mlango tu, na safari yenyewe ilikuwa ya kuingia ndani ya moyo. Mwisho wake hatutausema, kwa kuwa kumwibia mtazamaji mwisho ni kumwibia kazi nzima.

Msomaji wa Ituri atatuuliza, naye ana haki: "Kwa nini nimhurumie askari aliyevuka mpaka na bunduki?" Swali hili si dogo katika nchi iliyozika watu wengi namna hii. Twajibu hivi. Mpango wa filamu unamfanya mtazamaji ajue njaa na hofu ya mtu ambaye angemkimbia kama angekutana naye njiani. Kumjua mtu si kumwondolea hatia. Hata hakimu husikiliza habari yote kabla ya kutoa hukumu, wala kwa kusikiliza hajawa rafiki wa mshtakiwa. Tena yafaa tukumbuke ya kuwa Marc Zinga, anayeigiza kama Sajini huyo, ni mzaliwa wa Likasi, mwana wa Kongo hii hii. Mkongo amevaa moyo wa askari wa Rwanda, naye kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya mwigizaji bora huko Ouagadougou. Jambo hilo peke yake latosha kutufikirisha.

Mfano mwingine watoka Kenya. Filamu Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, inaanza na msichana aitwaye Kaleche anayejikuta nyikani, amevaa vazi la hospitali, hakumbuki alikotoka. Anafika penye nyumba za wageni, na wenyeji wanampa habari ngumu: yeye na wao wote wamekwisha kufa. Mtunzi mwingine angelificha neno hilo mpaka dakika ya mwisho ili atushtue. Huyu analisema mapema, na kwa hiyo swali linageuka. Hatungojei tena kujua kama Kaleche atakufa. Twangojea kujua aliishi namna gani, na kila mmoja wa wenzake amebeba mzigo gani asiotaka kuutazama. Sisi tunaowaombea marehemu wetu kila mwezi wa Novemba hatuwezi kulitazama jambo hilo kama wageni.

Zamani walikuwako waliodhani ya kuwa watu wetu hawawezi kuifuata hadithi iliyopangwa hivyo. Wataalamu wa sinema wa serikali za kikoloni walifundisha kwamba Mwafrika apewe picha za polepole, habari moja iliyonyoka, bila kurudi nyuma wala kuruka mbele. Katika Kongo ya Wabelgiji amri ya mwaka 1945 iliwakataza Wakongo kutazama filamu za hadhara ambazo hazikuchaguliwa kwa ajili yao. Laiti wangalikaa jioni moja kando ya moto wa bibi zetu! Bibi hukuambia mapema ya kuwa bwana arusi mzuri ni zimwi, kisha humwacha binti amfuate njia nzima huku akicheka. Watoto hukaa kimya, wanashikana mikono. Hitchcock asingalikuwa na la kuwafundisha.

Sasa tufike penye jambo linalotugusa zaidi. Sisi wa Ituri tumejifunza hofu nje ya sinema. Tuliijua katika vita vya mwaka 1999 hadi 2003, tuliijua Bunia ilipogeuka uwanja wa mapigano mwezi Mei 2003, na wenzetu wa Djugu waliijua tena tangu mwisho wa mwaka 2017. Katika siku hizo tuliona jinsi uvumi unavyotembea. Neno linakuja jioni: "Wanakuja usiku huu." Ni akina nani? Nani amewaona? Wamepita wapi? Hakuna anayejibu, lakini watu wa mtaa mmoja wanaanza kuwatazama wa mtaa wa pili kwa macho mengine. Mara nyingine hatari ilikuwa ya kweli, na aliyekimbia aliokoka; hatumcheki mtu kwa kukimbia. Lakini mara nyingine mtu fulani alikuwa ameupanga uvumi huo kama mtunzi apangavyo sinema: ametuonyesha bomu, akatuficha mkono ulioliweka.

Hapo ipo tofauti kubwa. Sinema njema hufunga fundo ili ilifungue, kisha taa huwashwa, nasi twarudi nyumbani. Mpanga uvumi hulifunga fundo bila nia ya kulifungua kamwe, maana faida yake imo katika hofu yenyewe. Kijana aliyezoea kuuliza mbele ya sinema, "Nani anajua nini, na amejuaje?" atauliza vivyo hivyo mbele ya uvumi. Swali hilo moja laweza kuuzuia mkono usiokote jiwe.

Kwa hiyo twawashauri wenye nyumba mambo machache. Watoto wadogo, hasa wale ambao macho yao yamekwisha kuona vita, wasiletwe kabisa mbele ya picha hizi. Kwao si mchezo, ni kidonda kinachoguswa. Vijana wakubwa wasiachwe peke yao. Baba au mama aketi nao mpaka mwisho, kwa sababu mtoto anayepelekwa kulala katikati ya hadithi huenda na fundo lake kitandani. Kisha waulizane pamoja: Tuliambiwa nini mapema, na tulifichwa nini? Hofu ilitoka nje ya mtu au ndani yake? Je, mwisho ulijibu mwanzo, au tulidanganywa?

Nanyi wanafunzi, mnaopenda kusema kwamba sinema huamsha akili, twawakubalia, ila kwa sharti moja. Juma hili chagueni hadithi moja ya kutisha, iwe ya filamu au ya bibi, mkaiandike katika daftari kwa mistari mitatu: fundo, mkazo, ufunguzi. Mkikosa cha kuandika katika mstari wa tatu, jueni ya kuwa mliogopeshwa tu, wala hamkusimuliwa kitu.