Faru Hauawi na Bunduki Peke Yake

Katikati ya miaka ya 1960, mtafiti John Goddard aliwatambua faru weusi zaidi ya 100 katika kreta ya Ngorongoro. Miaka 30 baadaye hawakufika 20. Waliomalizwa na majangili ni wengi, hilo halina ubishi, na askari wanaokesha na faru leo wanastahili kila shilingi wanayolipwa. Kosa letu ni kudhani kazi inaishia hapo. Mnyama hutoweka hata bila bunduki: vyura wa maporomoko ya Kihansi hawakuwindwa na mtu. Bwawa la umeme lilichukua maji, manyunyu ya maporomoko yakakatika, ugonjwa nao ukaingia, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini.

Kreta nayo ina kisa chake. Mwaka 2000 ukame uliipiga, mvua zikafuata, na kufikia 2001 nyati, nyumbu, simba na hata faru walikuwa wakifa. Baadhi ya faru waliopimwa walikutwa na vijidudu vinavyoenezwa na kupe. Kupe wote hao walitoka wapi? Wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakiishi chini kretani waliondolewa mwaka 1974. Ng'ombe wao walizipunguza nyasi, na moto waliouwasha kwa majira ukasafisha zilizobaki. Walipoondoka nyasi zilirefuka, kupe wakapata maskani. Baada ya vifo vya 2001 mamlaka ya hifadhi ilirudi kuchoma nyasi kwa mpangilio, na kupe wakapungua. Kazi ambayo wazee waliifanya bure sasa inahitaji bajeti!

Sisemi mifugo yote irudi. Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959 wakazi walikuwa maelfu machache. Leo ni makumi ya maelfu, na sakafu ya kreta haizidi sana kilomita za mraba 260. Lakini mjadala wa wakazi hao kuhamia kijiji cha Msomera, nje ya hifadhi, tangu 2022, umeendeshwa kana kwamba binadamu akitoka tu, pori linajitengeneza lenyewe. Kreta ilishatujibu.

Wakulima wa Karatu, majirani wa hifadhi, nao wamo katika suala hili. Msitu wa ukingoni, unaopakana na mashamba yao, ndio unaolisha chemchemi wanazozitegemea, na wanyama hujificha humohumo.

Kwa hiyo mamlaka iwaite wazee wa Kimaasai na wakulima wa Karatu katika vikao vinavyopanga moto, malisho na maji, wakiwa na kura, si wageni waalikwa.