"Usiku wa Ijumaa" na "Ijumaa Usiku"

Mwanafunzi mwenzetu mmoja alisafiri kutoka Nairobi hadi Lamu kurekodi maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Alikuwa ameelezwa kwamba kilele chake ni usiku wa Ijumaa, katika siku za mwisho za Mfungo Sita. Akavuka kwa boti kutoka Mokowe siku ya Ijumaa, akafika magharibi, kinasa sauti mkononi. Akakuta majamvi yanakunjwa. "Maulidi yalisomwa yana, mwanangu," mzee mmoja akamwambia. Hakuna aliyemdanganya. Yeye aliambiwa "usiku wa Ijumaa" akasikia "Ijumaa usiku".

Watu wa Amu, sawa na Waswahili wengine wa pwani, huhesabu siku tangu kuchwa kwa jua. Ndiyo maana tarawehe za kwanza za Ramadhani huswaliwa kabla mtu hajafunga hata siku moja. Usiku hutangulia, mchana ukafuata. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni usiku ulio milki ya Ijumaa, ule ambao mwenye kufuata kalenda ya ofisini huuita Alhamisi usiku. "Ijumaa usiku", kwa upande wake, ni usiku unaokuja baada ya mchana wa Ijumaa. Mzee yule angeuita usiku wa Jumamosi. Kijineno "wa" kimebeba saa 24.

Wapo wanaoshikilia kwamba vielezi hivi ni kitu kimoja, na kwamba mpangilio wa maneno ni suala la mtindo tu. Sikubaliani nao. Wanahabari hutumia "usiku wa kuamkia Ijumaa", nami siwalaumu, kwani kauli hiyo haina utata. Lakini mwalimu anayemkata alama mwanafunzi wa Lamu kwa kuandika "usiku wa Ijumaa" akikusudia Alhamisi baada ya magharibi, anasahihisha palipo sahihi. Na mtafiti anayenukuu masimulizi ya Pate au Siyu, akatia tarehe bila kuuliza, huenda akalisogeza tukio kwa siku nzima.

Nakiri kwamba vijana wa leo, hata Amu kwenyewe, huvichanganya vielezi hivi. Basi na tuulize: usiku wake, au usiku baada yake?

Mwenzetu alirudi mwaka uliofuata. Alifika Jumatano.