Nani Alisema Makasia Yana Wenyewe?

Ati Wakenya hukimbia. Hilo ndilo jibu alilopewa mpwa wangu wa miaka kumi na tano alipoandika kwenye grupu la familia kwamba anataka kujiunga na timu ya kupiga makasia shuleni kwao. Shemeji yetu wa Eldoret akauliza kama huko hawana uwanja wa kukimbia. Mathe akarekodi sauti ya dakika tatu, nzima ikiwa ni dua na onyo. Binamu mmoja akatupia vikaragosi vya kucheka. Dada yangu, ambaye ndiye mama ya mtoto, akanyamaza. Fomu inatakiwa Ijumaa.

Wanaishi Lowell, Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi kiasi kwamba ukikosa unga wa ugali umetaka mwenyewe. Mto Merrimack unapita katikati ya mji na mtoto anauona kila siku. Shule imesema yeyote anakaribishwa, hata asiyewahi kushika kasia. Halafu sisi, tulioketi Nairobi na Mombasa na simu mkononi, ndio tunamwambia kwamba mchezo huo una wenyewe.

Nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika. Acha nijibu hoja moja moja.

Hoja ya kwanza: huo ni mchezo wa wazungu matajiri. Sibishi kuhusu pesa. Boti ya watu nane ina urefu wa zaidi ya mita 17, na ikiwa mpya inauzwa makumi ya maelfu ya dola. Lakini tusichanganye mambo. Mchezo kuwa ghali ni jambo moja, mchezo kuwekewa ua ni jambo lingine, na ua huo tunajua uliwekwa na nani.

Mwaka 1920, kijana wa Philadelphia aliyeitwa John Kelly aliomba kushindana katika mashindano makubwa ya Henley, Uingereza. Alikuwa mzungu, na alikuwa hodari kupita wengi. Akakataliwa. Klabu yake ilikuwa na ugomvi wa zamani na waandalizi, ndiyo, lakini kulikuwa na sababu nyingine: Kelly alikuwa mwashi. Kanuni za Henley zilimfungia nje mtu yeyote aliyewahi kuwa fundi au kibarua wa kulipwa kwa kazi ya mikono. Mwaka huohuo Kelly alienda Olimpiki ya Antwerp akachukua dhahabu. Kanuni ile ilifutwa mwaka 1937.

Wazee wetu wa Pwani walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ua pia huundwa. Watu waliketi mezani wakaandika kwamba mwashi hafai kukaa kwenye boti. Miaka mia moja baadaye, mtoto wa mama anayekesha akitunza wazee wa watu anataka kuingia, na tunaomzuia ni sisi wenyewe, bila hata kulipwa na Henley.

Hoja ya pili: watu weusi hawapigi makasia. Hii inanichekesha na kuniumiza kwa pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika shule ya upili ya Manley, mtaa wa West Side mjini Chicago, boti iliwekwa kwenye ukumbi wa chakula. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa amepiga makasia chuoni alitaka kuanzisha timu, na waliokuja kusikiliza walipewa piza. Mtaa ulikuwa wa magenge, vijana wengine walitoka pande zilizokuwa zikipigana, na wengi hawakujua kuogelea. Timu hiyo hutajwa kuwa ya kwanza Marekani ya shule ya upili iliyokuwa ya vijana weusi watupu. Mmoja wao, Arshay Cooper, aliandika kitabu kuihusu, na filamu yake ikatoka mwaka 2020.

Unaona kilichohitajika? Mtu alileta boti mahali watoto walipo. Basi.

Na hata kama Chicago ni mbali, Mombasa je? Asiya Mohammed Sururu alipoteza miguu yote miwili katika ajali ya treni akiwa na miaka miwili. Mwaka 2021 alipiga makasia Tokyo, kwenye Michezo ya Walemavu, akiwa amebeba bendera yetu kifuani. Miaka tisa kabla yake, Mathew Lidaywa alishindana peke yake kwenye boti katika Olimpiki ya London. Nikiuliza kwenye grupu letu nani anawajua hawa wawili, najua nitapata tiki mbili za bluu na kimya. Lakini muda wa Kipchoge kwenye marathoni wanaukariri kama namba ya simu.

Halafu kuna kichekesho ambacho shemeji hajakijua. Kwenye boti za mashindano kiti kina magurudumu, kinateleza mbele na nyuma, na nguvu kubwa inatoka miguuni. Kama kweli sisi ni watu wa miguu, huu mchezo ulikuwa unatungoja.

Hoja ya tatu ni ya mathe, na hii siichezei. Mathe anaogopa maji. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Kuna nyumba mtaani kwetu Tudor ambako siku hiyo bado haijaisha. Mama aliyeona yale hawezi kuambiwa tu “usijali, kuna kocha.”

Lakini tazama hofu hiyo ilitufanya nini. Nilisoma shule ambayo bahari ilionekana kutoka dirishani mwa darasa. Hakuna aliyetufundisha kuogelea. Tulichofundishwa ni kutopatikana. Ukirudi nyumbani, unakwaruzwa mkono kwa ukucha, na mstari mweupe ukitokea, chumvi imekusaliti, unachapwa. Tukaenda hivyohivyo kwa kujificha, bila mtu mzima, na kila mmoja wetu anamjua mwenzake ambaye hakurudi. Kumficha mtoto maji hakumlindi. Kumfundisha ndiko kunamlinda. Kwa hivyo sharti la mathe liwe hili: aogelee kwanza, apimwe, ndipo ashike kasia. Hilo ni sharti la haki, na kocha yeyote mwenye akili atalikubali.

Sasa kuna kundi lingine ambalo limeunga mkono, na hao ndio wameniudhi zaidi. Hao wanasema mwache ajiunge, itamwingiza chuo kikuu. Sikatai kwamba mlango upo. Tangu sheria ya 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu Marekani, vyuo vilihitaji timu kubwa za wanawake, na makasia yanabeba watu wengi kwa mpigo. Ufadhili upo, na msichana anayejituma anaweza kuupata.

Lakini mjue mlango huo ulishawahi kuuzwa. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Boston walifichua wazazi matajiri waliokuwa wakiwanunulia watoto nafasi vyuoni. Mwigizaji mmoja maarufu na mumewe walilipa dola 500,000 ili binti zao wawili waonekane wapiga makasia. Wasichana walipigwa picha wameketi kwenye mashine ya mazoezi. Hawakuwa wapiga makasia kabisa. Wazazi walikiri, wakafungwa, mmoja miezi miwili na mwingine mitano. Ukimwambia mtoto kwamba boti ni tiketi tu, umemfundisha somo lilelile la hao wazazi, tofauti ni kwamba wewe huna laki tano.

Ajiunge kwa sababu anataka. Nilipompigia aliniambia, “Anko, nataka kujua kama naweza.” Hajui kama ataweza, na hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote zilizotajwa kwenye grupu. Atatokwa na malengelenge viganjani. Atapiga kasia nje ya mdundo na boti nzima ya wanane itayumba kwa sababu yake, na watoto ambao wazazi wao wana nyumba ziwani watamgeukia. Huenda akaacha baada ya msimu mmoja. Aache, lakini aache akiwa ameingia.

Na timu nayo isijione imemaliza kazi kwa kuandika “wote mnakaribishwa.” Fomu ile ina ada ya msimu, ada ya mavazi, na mazoezi ya Jumamosi alfajiri ambayo yanadhani kila nyumba ina mzazi mwenye gari asiyetoka zamu ya usiku. Punguzo lipo, kwenye ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo, na lazima ueleze hali yako. Mkitaka watoto wa watu wa zamu, wekeni punguzo ukurasa wa kwanza, na mseme nani ana nafasi kwenye gari lake.

Dada, najua ndiyo maana umenyamaza. Si maji, si wazungu. Ni ule ukurasa wa mwisho. Ulinilipia karo kidato cha tatu na cha nne kwa pesa za kuosha wagonjwa, na hukuwahi kumweleza mtu hali yako. Lakini hiyo ada si sadaka unayoomba. Ni ua wanaotakiwa kuuondoa, na wamekupa mahali pa kutia sahihi.

Jaza ule ukurasa. Masomo ya kuogelea nitalipa mimi, nimeshamwambia mathe, na amesema atamwombea badala ya kumkataza. Shemeji nitamalizana naye mwenyewe. Fomu irudi kabla ya Ijumaa.