Fadhila ya Volvo V60 Yategemea Soketi

Volvo V60 ya mseto ni stesheni wagoni iliyodhihirishwa Geneva mwaka 2011, ambayo Volvo, kwa kushirikiana na shirika la umeme la Vattenfall, iliifanya kuwa gari la kwanza duniani la kuuzwa sokoni kuunganisha injini ya dizeli na betri ya kuchajiwa kwa waya. Injini ya lita 2.4, yenye silinda 5 na nguvu farasi 215, huendesha magurudumu ya mbele, ilhali mota ya umeme ya nguvu farasi 70 huendesha ya nyuma, wala hapana mhimili wa chuma uunganishao pande hizo mbili, bali ni kompyuta ndiyo iamuayo kila upande uchangie kadiri gani. Betri ya kilowati-saa 11.2, iliyolazwa chini ya sakafu ya buti, iliahidiwa kulifikisha gari hadi kilomita 50 pasipo kuchoma tone la dizeli. Walakini jambo moja lastahiki kutiliwa mkazo zaidi: hesabu ya matumizi madogo ya mafuta iliyotangazwa humtimilia yule alichajiye gari lake kila usiku na ambaye safari zake ni fupi, lakini asiyelichaji hubeba bure uzito wa betri na mota. Kwa hiyo nawasihi wanunuzi, kabla ya kuvutiwa na anasa ya viti vya ngozi, wahakikishe kwanza kwamba wana maegesho yenye soketi, maana ustadi wa mhandisi hautimii ila kwa bidii ya mwenye gari.