Muulize Mzazi Kwanza



Mwanangu wa miaka mitatu alipewa uji na jirani yetu mwema hapa Nyantakara. Punde midomo ikavimba, mwili ukajaa vipele, pumzi ikawa ya shida. Ulikuwa uji wa lishe, na unga wake ulisagwa pamoja na karanga. Alhamdulillahi, aliwahishwa kituo cha afya, akachomwa sindano ya adrenalini, akapona.

Tangu siku hiyo karanga haziingii nyumbani mwetu. Lakini ulinzi wa nyumba huishia kizingitini. Karanga zimo katika kisamvu, katika mchicha na katika kashata. Na kinu kilichozitwanga hakisafiki kwa kufutwa tu. Hivyo tumemfundisha mtoto kusema, "Ahsante, nimuulize mama kwanza." Nasi tumewaeleza majirani, mwalimu wa madrasa na waandaaji wa futari msikitini.

Wapo wanaosema tunamdekeza, na kwamba akionjeshwa kidogo kidogo atazoea. Jambo hilo lisijaribiwe nyumbani abadan, kwani hata chembe yaweza kuziba pumzi. Dalili zikitokea, msingoje kwa kumnywesha maziwa; vidonge vya mzio pekee navyo havitoshi. Mtoto akimbizwe hospitali papo hapo.

Jirani yule alilia kuliko sisi. Hakukosea kwa ukarimu wake; sisi ndio tuliochelewa kumwambia. Basi mzazi aseme mapema, na mkarimu aulize kabla ya kutoa.