Wakunga wapewe nafasi ya kutafiti

Mkunga akitaka kujua mama amepoteza damu kiasi gani baada ya kujifungua, katika wodi zetu nyingi kipimo chake ni macho tu. Anatazama khanga zilizolowa, anatazama mpira uliotandikwa kitandani, anakisia. Khanga ikishanyonya damu haisemi imenyonya kiasi gani, na mama anaweza kuwa ameshavuka kiwango cha hatari kabla ya mtu yeyote kushtuka.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliotolewa Mei 2023, ulionyesha kwamba hali hiyo inaweza kubadilika kwa kifaa cha bei nafuu. Hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini zilishirikishwa, na wanawake zaidi ya 200,000 walijifungulia humo. Chini ya mama ulitandikwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo. Damu ikifika mstari wa hatari, hatua zote zilichukuliwa kwa mkupuo: kukanda mji wa mimba, dawa za kuubana, dawa ya kugandisha damu, dripu na kutafuta chanzo. Penye mfuko, wanaovuja damu kupita kiasi waligunduliwa 93 katika kila 100; pasipo na mfuko, 51. Madhara makubwa, kikiwamo kifo, yalipungua kwa asilimia 60.

Waliousoma mstari ule saa tisa usiku ni wauguzi wakunga wa zamu, wanaozalisha huku wakijaza partografu (chati ya kufuatilia uchungu) na kumpigia simu daktari aliyeko chumba cha upasuaji. Utafiti wenyewe, hata hivyo, uliongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Birmingham, na fedha zilitoka taasisi ya Gates. Hatuna kinyongo na Birmingham; wamefanya kazi ya maana. Hofu yetu ni nini kitatokea mwenye fedha akifunga mkoba.

Jibu tayari tumeliona. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, majaribio ya kitabibu yalikatizwa njiani. Afrika Kusini, wanawake waliokuwa wakijaribu kifaa cha ukeni cha kuzuia mimba na VVU waliitwa kliniki kutolewa kifaa hicho.

Tanzania imepiga hatua ya kweli: vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika takwimu za 2015/16 hadi 104 katika zile za 2022. Akina mama wanaoendelea kufa ndio wagumu kuwafikia, na sababu za vifo vyao hazifanani kutoka wilaya moja hadi nyingine. Anayezijua ni ofisa tabibu wa kituo cha afya, ambaye amegundua kwamba akina mama wa kata fulani hufikishwa kwake wakiwa tayari na kifafa cha mimba. Afanye nini na alichogundua? Rejesta ya leba anaijaza, takwimu zinapanda wilayani, mkoani, wizarani, na kwake hurudi kwa nadra mno, mara nyingi kama karipio. Akitaka kuligeuza jambo hilo kuwa utafiti, aandike andiko ambalo hakufundishwa vizuri kuliandika, alipie maombi ya kibali cha maadili, asubiri, kisha afanye kazi yenyewe baada ya zamu, kwa posho ya hewa. Wengi huishia kukusanya takwimu za wageni, na makala ikichapishwa majina yao hayamo, labda kwenye shukrani.

Wizara ya Afya, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) wanaweza kuanza na bajeti ijayo. Itengwe ruzuku ndogo ambayo muuguzi au tabibu wa wilaya anaweza kuiomba bila kupitia kwa profesa. Kibali cha tafiti zisizo na hatari, zinazotumia rejesta zilizopo, kiwe na njia fupi na kisitozwe ada kwa mtumishi wa umma. Saa za utafiti ziingizwe kwenye ratiba ya zamu, na pengo lake lizibwe kwa ajira, maana kumwongezea kazi mkunga anayehudumia peke yake wanaojifungua watano ni ukatili. Nchi za Umoja wa Afrika, yetu ikiwamo, zilishaahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Wabunge wanaosubiri kujadili makadirio ya wizara wamuulize waziri, kwa shilingi na si kwa asilimia, ni kiasi gani cha fedha hizo za utafiti kitafika leba.