PAMPU YA MAJI NA MSHAHARA WA DEREVA



Ndugu yetu mmoja, dereva wa lori la majani ya chai upande wa Bomet, alichemsha maji mlimani. Injini ikanoki, na majani mabichi yakapata joto ndani ya magunia yakaharibika. Tajiri wake akataka kumkata mshahara. Akaulizwa, "Asubuhi uliitazama pampu ya maji?" Hakuwa na jibu.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili. Zamani za gari la moshi, dereva aliyepanda kutoka Lumbwa, ambayo sasa ni Kipkelion, alitazama kwanza kioo cha maji ya boila. Lori halina kioo hicho, lakini lina dalili zake.

Tazama injini ikiwa baridi. Kwanza, chungulia chini ya pampu. Pana kitundu kidogo. Kikitoa maji, sili ya ndani imekwisha. Pili, shika puli ya pampu uitikise. Ikicheza, beringi imekufa. Tatu, bonyeza fenibelti kwa dole gumba. Ikilegea sana, pampu haizunguki sawasawa. Nne, fungua rejeta, jaza maji, uwashe injini. Ikishapata joto, maji yaonekane yakitembea. Yasipotembea na mshale unapanda, ama pampu haisukumi, ama thamostati imekwama; mwite fundi. Lakini usifungue kifuniko injini ikiwa moto, maji yatakuunguza uso.

Kumbukeni pia kwamba huku kwetu Kericho, karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 93 hivi, wala si 100. Kifuniko cha rejeta kisichobana huleta taabu upesi.

Ukiona kasoro, iandike katika kitabu cha gari, na tarehe yake, mkubwa wako atie sahihi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Pampu iliyochakaa si kosa lako la makusudi. Lakini bila maandishi utajitetea kwa nini? Ukiambiwa uendeshe hivyo hivyo, mwone mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo, usingoje injini ife.

Na matajiri nao twawaambia: bei ya pampu ni ndogo kuliko bei ya injini.

Umoja ni nguvu.